Shujaa na Jina Lake: Picha za Samurai wa Japani na Askari Wetu wa Shaba

Katika mji wetu wa Tunduma kila kitu hupita. Malori hupita usiku na mchana kwenda Zambia na Kongo, mengine hurudi Dar es Salaam, na baadhi ya mizigo yake huishia sokoni kwetu. Ndivyo tulivyokipata kitabu kimoja kikuukuu cha picha, kimelala katikati ya vitabu vya mtumba. Maandishi yake ni ya Kijapani, nasi hatukuweza kusoma hata herufi moja. Lakini picha zake zilitunasa macho. Ni picha za samurai, yaani askari wa kiungwana wa Japani ya zamani, waliowatumikia mabwana wao kwa upanga na kwa kiapo, baba na mwana, kizazi hata kizazi.

Tulikichukua kitabu hicho darasani. Wanafunzi wetu, ambao si wepesi wa kunyamaza, walinyamaza. Kisha kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu ni nani?" Tukamjibu kwamba ni shujaa wa Kijapani. Akasema, "Hapana, mwalimu, nauliza jina lake. Naona limeandikwa pale juu, ndani ya kisanduku." Tukatazama, na kweli, katika kila ukurasa palikuwa na kisanduku chembamba cha rangi, na ndani yake herufi zimesimama wima kama watu katika mlolongo. Tangu siku ile tumetafuta habari za picha hizi kwa wanaozijua, na swali la kijana yule halijatuacha. Makala haya ni jibu letu kwake, nalo limetupeleka mbali, mpaka Japani, na kuturudisha nyumbani kwa njia tusiyoitazamia.

Kwanza yatupasa kueleza ni kazi ya namna gani. Picha hizi hazikuchorwa moja moja kwa brashi, bali zilichapwa kwa mbao zilizochongwa, na kila moja ilikuwa kazi ya watu wanne. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji akaigandisha karatasi ile juu ya ubao wa mcheri, uso wake ukiwa chini, akachonga na kuondoa kila mahali pasipo na mstari, hata mistari ikabaki imeinuka. Mpiga chapa akapaka rangi juu ya ubao, akalaza karatasi ya magome ya mforosadi, akaisugua mgongoni kwa kisugulio cha mviringo kilichovikwa ganda la mwanzi. Kila rangi ilikuwa na ubao wake, na kama ubao mmoja ulikaa upande kidogo tu, picha yote iliharibika. Mtu wa nne ndiye mwenye duka: yeye alitoa fedha, akachagua habari itakayopendeza wanunuzi, akauza.

Nao wanunuzi hawakuwa wafalme. Katika mji wa Edo, ambao tangu mwaka 1868 waitwa Tokyo, karatasi moja ya picha ilipatikana kwa bei iliyokuwa karibu na bei ya bakuli la tambi. Seremala aliinunua, mchuuzi aliinunua, akaibandika ukutani. Tena tukumbuke kwamba watu wale walikuwa wakiishi katika amani. Tangu uasi wa Shimabara ulipokwisha mwaka 1638, Japani ilikaa takriban karne mbili bila vita kubwa. Samurai wengi walikuwa makarani wenye panga viunoni. Kwa hiyo picha hizi si habari za vita vya jana. Ni kumbukumbu za watu waliokaa kwa amani wakitamani ushujaa wa babu zao.

Mkuu wa wachoraji wa mashujaa, kwa maoni yetu na ya wengi, ni Utagawa Kuniyoshi, aliyezaliwa Edo karibu mwaka 1797 na kufa mwaka 1861. Baba yake alikuwa mtia rangi vitambaa vya hariri, na mtu aangaliaye picha zake huyaona mavazi kabla ya kuiona miili. Jina lake lilianza kuvuma mwaka 1827, alipoanza kuchora wanyang'anyi mashujaa 108 wa hadithi moja ya Kichina, wenye michoro ya kuchanjwa migongoni. Lakini kazi tunayotaka kuisema hapa ni nyingine, nayo ni picha za wale watu 47 wa Ako.

Habari zao ni hizi. Mwaka 1701 bwana Asano wa Ako alichomoa silaha ndani ya jumba la mtawala akamjeruhi mkuu mmoja aitwaye Kira. Kosa hilo lilikuwa la kufa, na Asano akaamriwa kujiua siku ile ile. Watumishi wake wakabaki ronini, maana yake samurai wasio na bwana. Walingoja, wakajifanya wamesahau, hata usiku mmoja wa baridi mwanzoni mwa mwaka 1703, 47 kati yao wakiongozwa na Oishi Kuranosuke waliivamia nyumba ya Kira, wakamwua, wakakipeleka kichwa chake kaburini kwa bwana wao. Serikali ikawahukumu 46 wajiue kwa mikono yao. Makaburi yao yako katika hekalu la Sengakuji, mjini Tokyo, na watu huenda kuyazuru hata leo.

Kati ya mwaka 1847 na 1848 Kuniyoshi alimchora kila mmoja wao katika karatasi yake peke yake. Nyuma ya mtu hapana nyumba, wala mlima, wala mti. Ni karatasi tupu. Mtu mwenyewe amejaa ukurasa, koti lake limetiwa meno ya msumeno ya rangi nyeusi na nyeupe. Na adui haonekani. Mmoja anakwepa jiko la makaa lililotupwa, majivu yakiruka; lakini aliyelitupa hayumo. Mwingine amenaswa na nguo aliyorushiwa, naye ajitahidi kujinasua. Lakini mkono ulioirusha hauonekani. Hapo ndipo tulipouona ustadi wa mchoraji huyu. Angemweka adui, tungetazama ni nani atakayeshinda. Amemwondoa, nasi hatuna la kutazama ila mtu mmoja, namna anavyokunja goti, anavyouma meno, anavyoogopa na kuishinda hofu yake. Juu ya kichwa chake imeandikwa habari ya maisha yake, kazi ya mwandishi aitwaye Ippitsuan, na kando yake limo jina.

Wasomaji wetu wa pwani na wa bara wasistaajabu kwamba picha na maandishi vyaweza kuwa kitu kimoja. Wanawake wetu walijua jambo hili tangu zamani. Kanga ina pindo, ina mji, na ina maandishi. Na maandishi yale twayaitaje? Twayaita jina. Mwanamke akiingia dukani hatazami maua peke yake, huuliza, "Jina lake lasemaje?" Kanga nzuri yenye jina baya hukaa dukani mpaka ikachujuka. Tena katika karne ya 20 kanga nyingi za soko letu zilichapwa huko huko Japani. Basi Mjapani aliyetuchapia majina ya kanga alikuwa mjukuu wa watu waliokwisha kujua kwamba picha isiyo na jina ni nusu ya picha.

Sasa twafika penye jambo lililotushangaza kuliko yote. Majina yale ya watu 47 yalikatazwa. Watawala wa Edo hawakupenda watu wa kawaida wazungumze habari za siasa, na mwaka 1804 walitoa amri kali kwamba watu wa vita wa tangu mwaka 1573 hivi wasichorwe kwa majina yao. Mwaka ule ule mchoraji mashuhuri Kitagawa Utamaro alifungwa pingu mikononi siku 50 kwa sababu ya picha za mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi. Kila picha ilipelekwa kwanza kwa mkaguzi, na isipopata muhuri wake haikuuzwa.

Watu walifanyaje? Walilipinda jina bila kulivunja. Tayari mwaka 1748 mchezo wa vibaraka juu ya habari hizi ulionyeshwa mjini Osaka, na watungaji wake wakasingizia kwamba mambo yale yalitokea karne ya 14. Oishi Kuranosuke wakamwita Oboshi Yuranosuke. Kuniyoshi alifuata desturi hiyo. Mkaguzi aliposoma aliona majina ya hadithi. Mchuuzi aliposoma alimjua kila mtu. Serikali ilikuwa na pingu na mihuri, lakini haikuweza kuwafanya watu wasahau.

Na tuangalie ni akina nani waliopewa majina. Kati ya wale 47 alikuwamo askari wa miguu wa daraja la chini kabisa, Terasaka Kichiemon. Hakuwa sawa na wenzake kwa cheo, na hakufa pamoja nao. Kwa nini hakufa, wenye kuandika historia wangali wakibishana. Aliishi mpaka mwaka 1747. Kuniyoshi angeweza kumwacha, na hakuna ambaye angelalamika. Hakumwacha. Amempa karatasi nzima, sawa na ya mkuu wa kundi, na jina lake, lililopindwa kuwa Teraoka Heiemon, limeandikwa kwa herufi zisizopungua za mwingine. Sisi tuliposoma jambo hili tulikifunga kitabu tukakaa kidogo.

Lakini mhakiki asiwe mlevi wa kitu anachokipenda. Picha hizi zina makosa, nasi tutayasema. La kwanza, nyuso ni za kubuni. Kuniyoshi alichora watu waliokufa miaka 145 kabla yake. Hakuna ajuaye pua ya Terasaka ilikuwaje. La pili, picha hizi hupendezesha uuaji. Damu ni rangi nzuri tu kati ya rangi nyingine, na kijana aangaliaye aweza kudhani kwamba kukata kichwa cha mzee usiku ni kazi safi kama kukata mua. La tatu, na hili lahusu hoja yetu wenyewe, si kila mtu apewaye jina. Katika zile picha kubwa za vita, zilizochapwa kwa karatasi tatu zilizounganishwa, wakuu wana visanduku vyao, lakini nyuma yao ni msitu wa mikuki na chapeo, na walioishika mikuki ile hawana majina. Hata Japani jina lilikuwa mali isiyogawiwa sawa.

Mwanafunzi wa Kuniyoshi, Tsukioka Yoshitoshi, aliyeishi mwaka 1839 hadi 1892, alilisahihisha kosa la pili la mwalimu wake. Mwaka 1868 utawala wa zamani ulipoanguka, palipiganwa vita Ueno, ndani ya mji wenyewe, na Yoshitoshi alikwenda kuona. Baada ya hapo mashujaa wake hawakuwa wazuri tena. Macho yao yametoka, damu yawatiririka usoni, nao hawamtazami adui bali watutazama sisi, kana kwamba watuuliza kwa nini tulinunua picha. Miaka minane baadaye, mwaka 1876, samurai walikatazwa kubeba panga hadharani. Jeshi jipya lilikuwa la vijana wa kuandikishwa, wengi wao watoto wa wakulima.

Vita ya Japani na China ilipoanza mwaka 1894, maduka yakachapa picha upesi upesi kama magazeti. Hapo kosa la tatu likakua kuwa dhambi, kwa maana askari wa Japani walichorwa watu wenye nyuso na majina, na Wachina wakachorwa kundi la kukimbia na kuchekesha. Lakini katika picha zile zile mna kisa kimoja kinachofundisha. Katika pigano la Songhwan, nchini Korea, Julai 1894, mpiga tarumbeta mmoja alipigwa risasi akafa na tarumbeta ikiwa bado mdomoni. Magazeti na picha zikatangaza jina lake, Shirakami Genjiro. Baadaye ikaonekana kwamba jina lilikosewa: mpiga tarumbeta yule alikuwa Kiguchi Kohei. Serikali ikasahihisha, vitabu vya shule vikasahihishwa. Wote wawili walikuwa askari wa kawaida, na wote wawili walikufa siku moja. Twajua kwamba sifa ile ilitumiwa kuwatia vijana wengine hamu ya kufa. Hata hivyo twaona jambo moja: jina lililokosewa laweza kusahihishwa. Pasipo jina hapana la kusahihisha.

Basi sasa turudi nyumbani. Je, sisi tuna picha ya shujaa? Tunayo moja ambayo kila afikaye Dar es Salaam huipita, nayo ni sanamu ya Askari, katikati ya Barabara ya Samora. Ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeifinyanga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, nayo ilisubiwa kwa shaba huko Uingereza. Ni mtu mmoja peke yake, kama watu wa Kuniyoshi. Ameshika bunduki yenye singe, mwili umeinama mbele, mguu mmoja tayari kwa hatua, naye huelekeza singe upande wa bandari. Na adui wake, kama wa Kuniyoshi, haonekani. Hatutaki kuidharau kazi hii. Mikunjo ya nguo, uzito wa mabega, uangalifu wa shingo, vyote ni kazi ya mtu ajuaye kazi yake.

Tena ni haki tukumbuke ilichukua nafasi ya nini. Mahali pale, tangu mwaka 1909, palisimama sanamu ya Mdachi Hermann von Wissmann. Yeye alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika, akimfunika simba aliyeuawa kwa bendera ya Kidachi. Aliye juu alikuwa na jina. Aliye chini hakuwa nalo. Waingereza waliiondoa, ikapelekwa Ulaya, ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaja kuiangusha katika miaka ya 1960. Basi sanamu ya mwaka 1927 ilimtoa Mwafrika chini ikampandisha juu. Hilo ni jambo kubwa, nasi twalikiri.

Lakini tukimwuliza swali la yule kijana wetu, "Huyu ni nani?", sanamu haijibu. Chini yake mna maandishi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling. Yasema ni kumbukumbu ya askari Waafrika na ya wapagazi, na wapagazi yawaita miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanatoa ahadi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Na juu ya jiwe lile lenye ahadi ya jina, hapana hata jina moja.

Msomaji na apime maneno hayo kama tulivyoyapima sisi. Miguu na mikono: lakini kichwa ki wapi? Kinywa ki wapi? Huko Nairobi, katika sanamu ya namna hii yenye watu watatu, mpagazi angalau amepewa mwili, jina hakupewa. Na mjini Dar es Salaam jeshi la wapagazi limetuachia jina la soko: Kariakoo ni namna wazee wetu walivyolitamka jina la Kiingereza la kikosi hicho. Wanahistoria hukadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi karibu laki moja walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Twanunua nyanya na vitambaa ndani ya jina lao, tukiwa hatulijui la hata mmoja.

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam, yasiyotuhusu sisi wa Songwe. Vita vile vilipita mlangoni petu. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia nchi hii kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni mwa Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck aliishambulia Fife, upande wa pili wa mpaka wetu, si mbali na ilipo Nakonde leo. Na tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Mpaka ulikuwa umewakata Wanyamwanga pande mbili, hata ndugu wa ng'ambo hii wakabebeshwa mizigo ya Wadachi, na ndugu wa ng'ambo ile wakabebeshwa ya Waingereza. Huko kusini waliitwa tenga-tenga, na wazee wangali wakilijua neno hilo.

Wapo watakaotujibu kwa haki. Watasema, "Sanamu moja haiwezi kubeba majina ya maelfu. Ni afadhali uso mmoja kwa ajili ya wote." Jibu hili lina uzito, na kama mchongaji angetaka kusema tu kwamba walikuwa wengi, tungenyamaza. Lakini majina hayakukosekana kwa sababu ya udogo wa jiwe. Askari wa Kizungu waliokufa katika vita vile vile walipewa kila mmoja kaburi au ubao wenye jina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Hapo twaona tofauti iliyo chungu. Huko Edo watawala walikataza majina, na watu wakayahifadhi kwa werevu. Kwetu majina hayakukatazwa na mtu, yaliachwa tu. Na lililoachwa hupotea upesi kuliko lililokatazwa, kwa sababu hakuna anayeona haja ya kulificha. Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Kwa ustadi wa mkono, sanamu ya Askari na picha za Kuniyoshi zaweza kusimama pamoja bila aibu. Lakini Kuniyoshi ametupa mtu, na Stevenson ametupa mfano wa mtu. Mfano huheshimiwa kwa mbali. Mtu huulizwa habari zake. Mtu mwenye jina aweza kusifiwa, aweza kulaumiwa, aweza kusahihishwa kama Kiguchi, aweza kudaiwa na wajukuu zake. Mfano haudaiwi kitu na hauna mjukuu. Wala hatusemi kwamba tuige picha za samurai na kuwapenda watu wa panga. La kuiga ni kile kisanduku chembamba pembeni mwa karatasi.

Nasi tulijaribu, kwa kadiri ya uwezo wa shule. Tuliwaambia wanafunzi wachore shujaa yeyote. Wengi walichora mtu mwenye upanga au bunduki, kama wamwonavyo katika filamu. Tulipowauliza jina lake wakacheka: "Hana jina, mwalimu, ni stelingi tu." Tukawapa kazi ya pili. Tukawaambia waende nyumbani, wawaulize wakongwe wa ukoo kama yupo mtu wao aliyebeba mizigo ya vita, waje na jina lake na jambo moja alilosimuliwa kulifanya, kisha wamchore akilifanya, na jina liandikwe juu katika kisanduku.

Wengi walirudi mikono mitupu. Watano walirudi na jina. Mmoja alimchora mtu akivuka mto, na sanduku la risasi kichwani, maji yakimfika kifuani. Nyuma yake hakuchora kitu, wala adui, wala mzungu, wala mti. Hatukumfundisha hivyo. Tulipomwuliza kwa nini ameacha karatasi tupu, alisema bibi yake hakumweleza ulikuwa mto gani, naye hakutaka kusema uongo. Majina hayo matano yamo katika daftari la darasa. Si yetu kuyachapa hapa bila idhini ya wenyewe.

Twawaomba walimu wenzetu wa Mbozi, wa Ileje, wa Momba na wa kila mahali wasomapo gazeti hili wafanye kama hivyo mwaka huu, wala si mwaka ujao, kwa maana wanaoyakumbuka majina hayo ni wakongwe, na kila mvua zinyeshapo hupungua. Karatasi ni rahisi, kalamu ni rahisi. Aliye na jina na aliandike.